Nilipiga Tupa Rimoti ya Mke Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatano, mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na mke wangu ni fundi cherehani, kila jioni tukishakula tunacheza gemu ya ngumi na kila jioni ananichakaza, mimi namwambia ni bahati tu maana rimoti yangu ndiyo ya kisasa, ina kijiti cha kusukuma kwa dole gumba, yake ni ya zamani yenye kitufe cha msalaba, cha mishale minne, lakini nikisukuma kijiti mbele kinateleza kidogo kwenda juu, mtu wangu anaruka kama panzi na mke wangu anamsubiri chini na ngumi, wakati msalaba wake ukibonyezwa mbele ni mbele tu, basi shemeji akanicheka mbele ya watu, shetani akanipitia, nikaifungua rimoti ya mke wangu karakanani, nikachukua tupa ya kusagia chuma nikakipiga kile kinundu kinachoshikilia msalaba katikati, sasa akibonyeza kushoto, chini nako kunabonyea, mtu wake anachuchumaa, nikashinda siku nne mfululizo, ila juzi aliweka rimoti chini akavitazama vidole vyake akasema, "Baba watoto, naona mikono yangu imeanza kuchoka," na leo amekataa kushona gauni la bibi harusi na Jumatano anakwenda kwa daktari, nami nampenda, nifanyeje?

Mshindi Asiye na Raha

Mshindi, pole, sasa tulia nikuseme. Mtu mzima na ndevu zako unapigana na kipande cha plastiki. Kijiti hakina kosa, kwenye gemu za magari kinapinda taratibu unavyotaka. Kwenye ngumi unataka mbele iwe mbele. Ungemwomba mkeo msalaba wake siku moja ungejua, ila uliogopa kushindwa nao ukakosa kisingizio.

Utani uliishia pale alipovitazama vidole. Mwenzako anaishi kwa vidole hivyo, na wewe umemfanya avitilie shaka. Usimnunulie rimoti mpya kimyakimya, ataendelea kuamini anaumwa. Leo hii, kabla hajavua futi ya kupimia shingoni, mketishe, ifungue ile rimoti mbele yake, mwonyeshe ulipopitisha tupa, useme, "Ni mimi." Atawaka. Vumilia, na habari za shemeji ziache hukohuko. Kisha mfuateni bibi harusi pamoja mkaliombe lile gauni. Msalaba mpya utakaomnunulia ni wake, na ule mbovu utaucheza wewe mpaka yeye aseme basi. Kila atakapokuangusha, sema kwa sauti watoto wasikie: mikono ya mama yenu haijambo.