Mtoto wa Kumi

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Nimerudi kutoka zahanati na Noor bila chanjo. Mara ya tatu! Mjukuu wangu ana miezi kumi. Ya surua ilipaswa akiwa na tisa. Nesi Projestus kasema, shikamoo Mwalimu, leo mpo watano tu, sifungui.

Nikawaeleza kina mama pale benchini — nimefundisha baiolojia miaka thelathini na moja, kunyamaza siwezi. Kichupa kimoja kina dozi kumi. Kikishafunguliwa, kinachobaki jioni kinamwagwa. Zamani nesi alifungua hata kwa watatu. Sasa nchi tajiri zimepunguza michango, vichupa vinakuja vichache, kwenye friji kimebaki kimoja. Kwa hiyo lazima tufike kumi. Kanuni ya haki, nikasema.

Nusaiba, mshona nguo wa jirani, akadakia: basi Babu, zaa wengine watano! Wakacheka mpaka watoto wakaamka.

Tatizo letu ni kuchoka. Wa nane akifika, wa kwanza keshaondoka. Nina mpango: Jumatano nawakusanya wote sebuleni kwangu, twende pamoja.

Jumatano, 3 Septemba
Saa mbili asubuhi walitimia tisa. Nikaita majina kama darasani. Wa kumi hakuna.

Nikaenda kwa Tabu, muuza mihogo, nyumba ya nne. Alikuwa anamfunga mwanawe Suhaib mgongoni, ampeleke hospitali. Mwalimu, ana homa, macho mekundu. Nikamweleza, taratibu: mafua hayazuii chanjo. Nesi atamtazama huko huko. Wenzako tisa wanakungoja wewe. Akaona haya, akaja.

Mkwe wangu Wahiba, mama yake Noor, alikuwa ameandaa chai, tukanywa kwanza. Mlango tumefunga, vumbi la barabara ya Mbagala lisiingie. Watoto wakatambaa chini. Noor akanyonya kijiko alichodondosha Suhaib. Nilikiona. Nilikuwa naeleza jinsi kinga ya mwili inavyojengwa.

Zahanati, Projestus alimmulika Suhaib mdomoni kwa tochi ya simu. Vidoa vyeupe ndani ya shavu. Hii surua, Mwalimu! Hospitali, sasa hivi.

Fungua, nikamwambia. Ukiwachanja waliobaki ndani ya siku tatu wanaweza kunusurika. Najua, akasema. Akatuhesabu kwa kidole. Mpo tisa. Chini ya kumi nimekatazwa.

Kanuni ya haki! Maneno yangu mwenyewe.

Ijumaa, 5 Septemba
Siku ya tatu. Nimepiga hodi nyumba kumi na saba nikitafuta mtoto mmoja, mzima. Mama mmoja kaita dirishani: Babu Surua huyo, ingizeni watoto ndani!

Kichupa kipo kwenye friji. Kizima.

Ijumaa, 12 Septemba
Jana tumemzika Suhaib. Mapafu.

Nimekwenda kutoa pole. Tabu kaniamkia kwa adabu, shikamoo Mwalimu. Kisha, mbele ya watu: nilikuwa nampeleka hospitali, nawe ukanieleza. Ulinieleza vizuri sana.

Jumatatu, 15 Septemba
Noor ana homa tangu jana. Pua inachuruzika. Macho — sikutaka kumtazama macho. Wahiba hasemi nami. Amekwenda kuita bajaji, tumkimbize hospitali.

Nusaiba kapiga simu, yuko zahanati, ananong'ona. Babu, tumepata tisa, wote wapya, hawakuwa sebuleni kwako, isipokuwa wangu! Kichupa kinakwisha muda wake kesho, nesi anataka mmoja tu zaidi. Mlete Noor.

Nikamwambia hali yake.

Akajibu: mfunike uso na kanga, Babu. Kaa nyuma kabisa. Nesi akishafungua, mtoeni, nendeni zenu hospitali. Akimgundua baadaye, kichupa kimeshafunguliwa, wetu wamechanjwa. Wewe si ndiye uliyetufundisha hesabu hii?

Kasema ananipa dakika tano, niamue. Ndizo ninazoandikia.

Tisa watachanjwa leo. Tisa watakaa chumba kimoja na surua, lakini chanjo itaiwahi — pengine. Mmoja atachelewa hospitali nusu saa. Suhaib alichelewa saa mbili na nusu.

Bajaji imefika, inapiga honi. Zahanati iko njiani. Wahiba ameingia kumchukua mtoto, ananiuliza kwa nini nimeshika kanga yake —