Goti la Mutua

Jamhuri, Nairobi
Jumatatu jioni

Mama mpendwa,

Jana asubuhi, nikiwa uwanjani na begi la timu begani, nilipoteza goti la Mutua. Niliporudi nyumbani nilikuta kitanda chake kimetandikwa, viatu vyake vya mpira havipo, na ile mipira ya mazoezi imekunjwa vizuri mezani, kama vitu vya kuazima vinavyorudishwa. Goti lenyewe sasa liko kwako, limefungwa majani. Wewe ndiye uliyeliita.

Nimeyatanguliza hayo kwa sababu yamenikaba. Sasa naweza kukusalimia kama mtoto aliyelelewa. Hujambo, Mama? Presha je, unameza dawa kila asubuhi au unangoja kichwa kikukumbushe? Kifua cha Baba kimepungua? Nasikia mvua ilinyesha siku mbili ikakata. Natumaini pojo zimeota. Mimi ni mzima. Kazini naenda, chakula nakula, usingizi ndio haukamiliki.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu unanikatia. Jana ulinikatia mara mbili, na mara ya tatu ukampa Baba, naye unamjua, akaniuliza kama huku kuna baridi. Barua haikatwi. Isome mwenyewe na miwani yako. Usimpe Mutua akusomee, ataruka mistari.

Nadhani sijawahi kukueleza vizuri huu mtihani ni wa nini, kwa hivyo wacha nieleze. Ni wa cheti cha kuhudumia wanamichezo: kumpokea mchezaji akiumia, kujua kilichoumia, kumfunga, kumfanyisha mazoezi mpaka apone, na kusema ni lini anaweza kurudi uwanjani. Sehemu ya kuandika nimeshafanya na nimepita, alama themanini na moja. Sikukupigia kukuambia kwa sababu nilitaka nikupigie mara moja tu, cheti kikiwa mkononi. Imebaki sehemu ya vitendo, Jumamosi hii asubuhi, katikati ya jiji. Kuna vituo kumi, na kila kituo kina mtahini wake na kalamu yake. Ukipita vituo saba, umepata cheti. Ukipita sita, rudi nyumbani ungoje mwaka mzima.

Na kila mtahiniwa huenda na mtu wake. Lazima awe mchezaji aliyeumia kweli, ambaye umemhudumia wewe mwenyewe, ili waione kazi yako mwilini mwake. Mtu wangu ni Mutua, kitinda mimba wako. Jina lake liko kwao. Wanaruhusu kubadilisha jina mpaka Alhamisi saa saba mchana. Baada ya hapo, usipokuwa na mtu huna mtihani.

Unakumbuka siku alipoumia, kwenye ile mechi ya hapa Jamhuri, alipotua vibaya goti likaingia ndani. Hospitali walisema kano imechanika kidogo, haihitaji kupasuliwa, inahitaji mazoezi na mtu wa kuyasimamia. Msimamizi nikawa mimi. Jioni ya kwanza nilimpima mapaja yote mawili, sentimita kumi juu ya pia ya goti. Mguu mzima ulikuwa hamsini na mbili. Mguu mbovu, arobaini na nane. Mama, goti peke yake halijishiki, linashikwa na paja. Paja likikonda, goti linakuwa kama mlango uliolegea bawaba, na mimi mambo ya bawaba nayajua, nauza bawaba kutwa nzima.

Kwa hivyo tulifanya kazi. Nilinunua tyubu kuukuu ya gari River Road nikaikata vipande, ndiyo ile mipira aliyoniachia. Nikitoka dukani tulikuwa tunapanda na kushuka ngazi za uwanja, yeye na mtungi wa maji kifuani, mimi nyuma nikihesabu, na watoto wa jirani wananisaidia kuhesabu na kumcheka akikosea. "Mzee, goti ndani! Goti ndani tena!" Walikuwa wameshajua makosa yake kuliko yeye. Ijumaa nilimpima. Hamsini na moja. Imebaki sentimita moja, Mama. Moja.

Halafu ukampigia simu.

Nilipompata kwenye simu jana mchana alikuwa ameshafika kwako, ameketi na mguu juu ya kiti.

"Mama amesema nipumzike wiki tatu," akaniambia.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema sawa. Wewe ushawahi kumwambia Mama nini ingine?"

"Na mtihani wangu, Mutua?"

Nikasikia kuku wako. Kisha akasema, "Mwende, nimechoka kuwa daftari yako."

Nimekuandikia neno hilo lilivyo, ingawa halinipendezi, nisije nikaonekana naficha kitu. Sijalimeza mpaka sasa. Ni kweli kuna jioni nilimfunga bandeji mara sita, mpaka nywele za mguu zikaisha upande mmoja. Ni kweli kuna wakati nilikuwa nalisemesha goti lake kabla sijamuuliza ameshindaje. Labda amechoka. Lakini kuchoka kufungwa bandeji ni jambo moja, na kulala wiki tatu mpaka paja linyauke ni jambo lingine, na hilo la pili ni wewe uliyempa.

Uliniambia kabla ya kunikatia, "Mimi nimekanda watu tangu hujazaliwa na hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi." Ni kweli, hakuna. Watu wanatoka mpaka ng'ambo ya mto kuja kwako. Lakini wewe hakuna anayekusimamisha mlangoni. Mimi timu imeshaniambia kwamba msimu ujao asiye na cheti haruhusiwi kuvuka mstari wa uwanja. Miaka mitatu nimebeba lile begi, nimekimbia na barafu kwenye mvua, na msimu ujao nitasimama nje ya ua pamoja na wauza njugu nikimtazama mtu mwingine akishika magoti ninayoyajua.

Na kwa kuwa tunasemezana, wacha niseme na lile lingine.

Juzi mwalimu wetu, Bwana Otieno, alitufanyisha mtihani wa kujaribu. Nikamshika mwenzangu goti, mwenzangu akaruka. Otieno akaandika kitu. "Dada," akasema, "hizo mikono ni za friji. Mgonjwa akikaza msuli hutasikia chochote. Hapo umepoteza alama."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimerudi jikoni kwako. Nilikuwa darasa la sita. Mke wa fundi baiskeli aliletwa kifundo cha mguu kimevimba, nikaja nikakushikia taa, nikaweka na mimi mkono pale ulipoweka wako. Yule mama akashtuka. Ukasema mbele yake, "Toa hiyo mikono ya chura. Nenda ukaoshe sufuria." Tangu siku hiyo ulimfundisha dada Kanini, ambaye hakutaka, na mimi niliyetaka nikaosha sufuria mpaka nikamaliza shule. Sikulia. Nilikuja Nairobi nikatafuta kazi, ada nikajilipia, nikatafuta watu wa kunifundisha.

Baada ya kipindi nilimfuata Otieno nikamwambia mikono yangu ni baridi tangu kuzaliwa, nifanyeje. Akanitazama kama niliyemuuliza maji yanapatikana wapi. "Ipashe," akasema. "Sugua. Shika kikombe cha chai kwanza. Wengi wako hivyo." Basi. Hiyo ndiyo dawa yake, Mama, kikombe cha chai. Wewe ulinitambua mikono ni baridi, na ulikuwa sahihi, hata watahini wanakuunga mkono. Lakini moto ulikuwa pale pale mbele yetu, na hukuniambia kwamba mikono hupashwa.

Sikuandikii hili ili uombe msamaha. Naliandika ili ujue kwa nini nimekasirika kuliko goti moja linavyostahili.

Leo dukani sikuweza kuficha. Tajiri wangu, Bwana Kirit, aliniona nimehesabu boksi moja la skrubu mara tatu, jambo ambalo hajawahi kuliona. Akaniuliza, nikamweleza. Mzee akazunguka kaunta, akavuta kiti, akapandisha suruali.

"Goti iko hapa," akasema. "Ziko mbili. Chagua."

"Lazima awe mwanamichezo, Bwana Kirit."

"Mimi nimecheza kriketi miaka ishirini. Hii ya kulia iliumia nikikimbilia mpira. Nani amekuwa akinipa mazoezi hapo nyuma ya duka, si wewe?"

Ni kweli, tangu mwaka jana namfanyisha mazoezi kidogo kidogo kati ya masinki na mabomba. Nikashika goti lake, baada ya kikombe cha chai, na linalia kama geti la zamani. Amejitoa kwa moyo safi na sitamsahau. Lakini nikapiga hesabu. Vituo vitatu ni vya kuruka, kukimbia na kukata kona. Bwana Kirit ana miaka sitini na nne, harushwi hewani na mtu. Kumi toa tatu ni saba, na saba ndiyo alama ya kupita. Maana yake nikienda naye siruhusiwi kukosea popote. Kosa moja, mkono mmoja wa baridi, mwaka umeenda. Nikienda na Mutua nina nafasi ya kukosa mara tatu na bado nikatoka na cheti.

Sasa nisikilize hapa, Mama, maana hapa ndipo penye neno lenyewe. Najua hukuliita goti. Ulimwita mwanao. Unaogopa kwamba nikipita mtihani, yeye atavaa viatu na kurudi kwenye mpira, na siku moja ataletwa kwako akiwa hawezi kusimama. Hukulisema, lakini ulimuuliza Mutua mara tatu msimu unaanza lini, na yeye kaniambia.

Hata mimi naogopa. Niliona goti likiingia ndani, wewe uliambiwa tu.

Kile kituo cha kuruka kiko hivi. Mchezaji anatua kwa mguu mmoja, unamtazama, kisha unamwambia mtahini: huyu yuko tayari, au bado. Hakinipi alama kwa kusema amepona. Kinanipa alama kwa kusema kweli. Mutua akitua goti likaingia ndani hata kidogo, nitasema bado, mbele yake na mbele ya watahini, na nitapata alama ileile. Na nikishasema bado, hataingia uwanjani mikononi mwangu, hata timu ikinifukuza. Hilo nakuahidi wewe, si watahini. Wiki tatu za kulala hazitakuambia kama goti limepona. Kutua kutakuambia.

Humu ndani ya bahasha nimekuwekea tepu ya fundi wa nguo. Mwambie Mutua asimame, pima sentimita kumi kutoka juu ya pia ya goti, zungushia paja bila kukaza. Ijumaa lilikuwa hamsini na moja. Pima kesho Jumanne, barua ikikufikia, na pima tena Jumatano asubuhi. Ukiona linapungua, utajua kuna nini bila mimi kukuambia. Na tafadhali, mpaka tumalizane, usimkande upande wa ndani wa goti, pale penye kano, na usifunge majani kwa kukaza. Mahali pengine pote, mikono yako naiamini kuliko mashine.

Kisha muulize Mutua mwenyewe, wewe ukiwa umekaa na umenyamaza: anataka kuja au hataki? Akisema hataki, akasema kwa mdomo wake, sitamburuta. Mwambie pia kwamba akija nitamuuliza ameshindaje kabla ya kuuliza goti.

Nisalimie Baba, na umwambie baridi ipo. Nisalimie dada Kanini, na nimemsamehe kwa kufundishwa. Nyanya mpe mkono, na pia shangazi mwenye duka, ambaye ndiye atakayeipokea bahasha hii kesho basi likifika na kukuletea.

Alhamisi saa sita mchana nitatoka nje ya duka na simu. Saa saba wanafunga majina, na kutoka dukani kwetu River Road mpaka ofisi yao kwa miguu ninahitaji nusu saa. Usinitumie neno la Baba, usiniambie tutaona, usiniambie Mungu anajua. Anajua, lakini si yeye atakayepanda basi. Nipe namba ya paja, kisha unijibu neno moja: Mutua anakuja au haji?

Binti yako,
Mwende