Ile Ndiyo ya kwa Simu

Papa mupendwa,

Muko aje huko juu kwa milima? Mugongo wa Mama umepata nafuu? Na ile ng'ombe nyeusi, ilizaa? Mimi mwili ni muzima kwa neema ya Mungu, ila roho haikai.

Papa, siku ile kwa simu uliniuliza: «Biolojia umepita, si ni vile?» Nikajibu: «Ndiyo, Papa.» Ile ndiyo haikuwa ya kweli. Sasa nasikia umeshatangaza kanisani, unataka kutoa shukrani siku ya Mungu. Ole wangu! Usikilize kwanza ilivyokuwa.

Egzameni ilikuwa ya kinywa. Unaingia peke yako, prof amekaa, muzee wa mvi kama wewe. Nikasalimia, nikashusha macho, nikangojea. Akasema: «Moyo wa mutu uko na vyumba vitatu, si ni vile?» Papa, ni vine! Najua vizuri ni vine. Lakini muzee ameshasema, mimi ni nani wa kumukosoa? Nikasema: «Ndiyo, muzee.»

«Na tunapumua na maini?»

«Ndiyo, muzee.»

Kumbe alikuwa ananipima! Akatikisa kichwa: «Mutoto, wewe haukusoma hata kidogo.» Na mimi, mujinga, nikajibu tena: «Ndiyo, muzee.»

Nitarudia ule mutihani kwa sesio ya pili, ile ya walioanguka, mbele ya prof yule yule. Nikianguka tena, mwaka wote umepotea. Rafiki yangu Esperance, mutoto wa mutaa wa Himbi hapa mujini, anayebishana na baba yake kwa meza na hakuna anayeshangaa, ananizoeza. Anavaa miwani ya Tanti ninayekaa kwake, anakaa kwa kiti, anajifanya prof. Kwake naweza. Tanti mwenyewe alipokaa kwa kile kiti, nikarudia zile ndiyo zangu, na machozi. Nifanye nini na hii shingo, Papa? Inainama yenyewe.

Sikulaumu. Lakini unakumbuka nilivyomukosoa Sogokuru, baba yako, juu ya jina la ng'ombe mbele ya wageni? Mulinipigisha magoti, nikamupelekea maziwa ya kuomba musamaha. Na jina alikuwa amekosea kweli. Tangu pale sijamukatalia mukubwa yeyote.

Basi unipe ruhusa. Mama Furaha, anayeuza fromaji yetu, jibini ya maziwa ya ng'ombe zetu, hapa sokoni, ndiye amebeba barua hii. Akirudi umutume na neno moja: kwamba mutoto wako anaweza kumwambia muzee hapana, na haitakuwa laana. Bila neno lako siwezi. Nimejaribu, siwezi.

Unisalimie Mama, Sogokuru, na kaka yangu mukubwa huko machungani. Na muchungaji wa kanisa pia, ila yeye umwambie polepole.

Nimeona nianze na wewe, kwa karatasi, maana hapa macho yako hayanioni:

Hapana, Papa. Sikupita.

Mutoto wako anayekuheshimu,
Uwimana