Raba za Wifi, Namba 38

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza mbio! Kwa raba za mume wangu za kuoshea gari, magoti yanalia, lakini asubuhi ile ni yangu peke yangu. Humu ndani dada yake kajaa kila mahali. Tangu aachike amehamia sebuleni, na hatoki hata kwa dawa. Leo ananiambia na yeye anataka kukimbia. Pamoja na mimi! Chai nusura inipalie.

Jumatano, 6 Machi
Dukani na wifi. Muuza raba kanielekeza vizuri: niache nafasi ya kidole gumba mbele, mguu huvimba ukikimbia, na nisibabaishwe na rangi. Nikachukua zangu, namba 40. Wifi alikuwa nje na simu yake, hakusikia hata neno. Akaingia, naye akajaribu namba 40. Zikamkaa barabara! Nikamwambia zinapwaya, ataanguka — raba ya mbio lazima ibane, itaachia mbele ya safari. Najua kinachoachia ni kiatu cha ngozi, siyo hizi. Kachukua 38. Na ahsante juu! Muuzaji kanitazama kwa jicho la pembe. Nikajifanya nachagua soksi.

Jumapili, 10 Machi
Anachechemea, na bado kaning'ang'ania. Nikamwuliza, zimeachia? Bado kidogo, wifi. Mume wangu kafurahi, eti siku hizi tunapendana. Nina roho mbaya, najua. Leo imenipa raha.

Jumatano, 13 Machi
Ukucha mweusi tii. Wa pili unacheza. Nikajua leo atabaki kwenye kochi. Wapi!

Ijumaa, 15 Machi
Mungu wangu. Mume wangu siri imemtoka mezani, dada yake alitaka kunishtukiza. Kesho ana usaili wa kazi ya ulinzi: kuzunguka uwanja mbio bila kusimama. Akipita anapewa kazi, na chumba huko huko. Chumba! Atahama!
Nikakimbilia sebuleni na raba zangu mkononi. Vaa hizi, wifi, mguu wetu ni mmoja. Akazijaribu, akazivua. Zinapwaya, anasema. Si wewe mwenyewe ulinifundisha?

Jumamosi, 16 Machi
Ukucha umetoka na soksi. Kidole kakifunga kitambaa, kavaa raba juu yake, jasho linamtiririka. Nikaanza: wifi, zile raba... Akanikatiza. Bila wewe nisingefika hapa, anasema, na machozi yakamlenga. Na kaka yake alikuwa mlangoni, kashika funguo za gari, anasikia kila kitu. Angenifukuza mimi badala yake.
Akaninyooshea mguu. Nikazie kamba, wifi.
Nikapiga magoti. Nikakaza.
Wameondoka. Kochi kalipangusa, shuka kazikunja — hajawahi! Begi lake lipo hapa mlangoni, limefungwa tayari. Kila nikitaka kwenda jikoni inabidi nilizunguke.