Udongo Wako Unakwenda Kasai

Yaya,

Dada yangu mkubwa, mwanao Kalala amefika. Amekuja na kundi la wanamichezo waliozaliwa Ulaya, wakimbiaji kama yeye, wanaotembezwa viwanja walivyochezea babu zao, kisha kila mmoja anapelekwa "kwao". Juzi aliuona uwanja wa reli ambako baba alikuwa golikipa. Akavua viatu, akauzunguka peku. Nilicheka, halafu nikalia, maana anatupa mikono kama wewe ulipokuwa ukiwahi foleni ya maji pale mtaani kwetu Kampemba.

Jioni akatoa chupa kwenye begi. Ndani mna udongo wa kaburi lako la Liège, kule Ubelgiji. Yaya, mimi sikukutupia udongo. Walininyima viza, nikakuzika kwenye simu, picha inakatika-katika. Niliipokea ile chupa kwa mikono miwili. Nilijua pa kuumwaga: hapa hapa, kwenye kaburi la mama, ubavuni mwake.

Mwanao akanikatalia mimi mjomba wake, kwa heshima. "Manseba, maman alisemaka kwetu iko Kasai. Napashwa kumufikisha."

Ungekuwa hai ningekugombeza. Hapa Lubumbashi mtu akituuliza kwetu ni wapi, tunataja kijiji cha babu kule Kasai. Ndivyo tulivyozoea, wala hatujakiona. Baba alizaliwa hapa, wewe na mimi pia. Hata wenyeji wa mji huu walipotupigia kelele turudi kwetu, hatukujua turudi wapi. Nawe ukampa mtoto jibu lile lile la mtaani, naye amelishika kama anwani.

Leo asubuhi nimemwambia ukweli. Kwenye kile kijiji hakuna anayetujua. Jina lako hawajalisikia. Mimi ndiye manseba wake, kaka wa mama, na neno langu kwake ni zito. Akaniuliza, "Basi maman alikuwa mugeni fasi yote?"

Mgeni kila mahali, wewe! Nilitoka nje. Ningemkataza kwenda angetii, lakini sikumkataza. Angebaki na nini?

Kesho Kalala na kundi lake wanapanda ndege kwenda Kasai. Mimi nawafuata kwa treni, na treni yetu unaijua, hufika siku inayotaka yenyewe. Nimemwomba asiumwage udongo mpaka nifike. Anasema wenye ziara wameshapanga kila kitu, ila atajaribu.

Nimechoka, Yaya. Tangu uondoke hakuna anayenikemea nikiacha kula. Naogopa. Naogopa utamwagwa mbele ya kamera, watu wanapiga makofi, na pale asiwepo hata mmoja aliyewahi kukusikia ukicheka.

Lala, dada yangu. Nikikuta wameshamaliza, nitauliza ni wapi, nitapiga magoti pale pale na kukuita kwa jina mpaka wenyeji watoke kuuliza huyo ni nani. Nitakaa nao niwaeleze, hata wakinichoka. Sitapanda treni ya kurudi kabla mmoja wao hajalitamka jina lako.

Mdogo wako wa tumbo moja.