Tarumbeta la Baba Priska

Jumanne, 14 Aprili 2009
Nimekasirika. Naandika kwa penseli, kalamu nimeivunja.

Mjukuu wangu Atuganile karudi shule macho mekundu. Namuuliza, anapita ndani. Nikasonga ugali, nikauliza tena — ndipo anasema. Kakatwa jina kwenye somo la Muziki! Mwalimu Balthazar kasema wa Muziki lazima awe na chombo anachopiga, maana kwenye mtihani kuna kupiga. Na bendi ni ya wavulana. Wasichana ni kwaya tu.

Sasa tarumbeta langu anapiga nani?!

La marehemu mume wangu Baba Priska lile, alirudi nalo kutoka migodini Kitwe. Kila Pasaka alilipiga makaburini, jua halijatoka. Alipokufa nikalifungia sandukuni. Januari mwalimu akaja hapa Chapwa, akanywa chai yangu vikombe vitatu. Akasema, Bibi, shule ina ngoma na filimbi tu, tuazime, mjukuu wako ndiye atajifunzia. Nikatoa. Mjinga mimi!

Jumatano, 15 Aprili
Nimeenda shuleni kwa mwalimu. Kanipa kiti, na shikamoo mbili. Kasema tarumbeta linavimbisha midomo ya msichana. Tena pumzi ile inaharibu kizazi.

Nikamwambia, iwe, wewe mwalimu! Nimezaa tisa. Nimepuliza kuni mbichi miaka hamsini. Pumzi yangu nani aliionea huruma?

Walimu wenzake wakacheka. Yeye akanuna. Bibi, haya ya kitaalamu, wewe hukusoma.

Ni kweli. Herufi nilijifunza kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni. Lakini kujua nimedanganywa hakutaki darasa!

Atuganile kasema nisirudi tena shuleni. Namwaibisha.

Ijumaa, 17 Aprili
Sisemi na mtu. Hata kuku nimewafukuza.

Jumapili, 19 Aprili
Nimesikia sauti nyuma ya jiko. Atuganile. Kakata mpira wa maji, kachomeka faneli ya mafuta ya taa, anapuliza. Wimbo wa makaburini. Ule ule! Nikauliza nani kakufundisha. Kasema, Babu. Babu yake alikufa yeye ana miaka saba.

Nikaenda kukata vitunguu. Sikuwa na mboga ya kutia vitunguu.

Jumatano, 22 Aprili
Ijumaa anakuja mgeni kutoka wilayani. Bendi itampokea, naye ataondoka na orodha za masomo. Akiondoka nazo bila jina la Atuganile, basi, Muziki hapati mpaka anamaliza shule.

Haya.

Ijumaa, 24 Aprili
Naandika hapa hapa shuleni, benchi la wageni. Nilifika saa moja. Kijana mwenye tarumbeta ana adabu, nikamwambia, lete hilo, baba, akaleta. Liko mapajani pangu. Wamelisugua vizuri, sikatai.

Mwalimu Balthazar kaja mara tatu. Ya kwanza kaamuru. Ya pili kacheka cheka. Ya tatu kapiga magoti vumbini, na suruali yake ya pasi! Bibi nakuomba, gari la mgeni limeshapita mizani ya malori, bila tarumbeta hatuna bendi.

Nikasema, tarumbeta hili hapa. Mpigaji yule pale kwenye kwaya, wa tatu. Andika jina lake kwanza. Kwa wino. Jina hilo nalijua kulisoma.

Akasema, je, akikosea mbele ya mgeni?

Akikosea ni leo tu. Wewe unakosea tangu Januari.

Mkuu wa shule, Madam Fides, kaja na orodha mwenyewe. Kalamu anayo. Anamtazama mwalimu. Mwalimu anatazama barabara.

Honi getini! Kalamu bado iko hewani.

Atuganile haniangalii. Kavimba kwa hasira, kidevu juu, babu yake mtupu. Lakini midomo — anailowesha kwa ulimi. Anaibana. Anailegeza. Anailowesha tena.