Fundi Bujiku asiguse gari yako

Mama Raudha, gari yako isifike kwa fundi Bujiku kesho. Soma hii kwanza!

Binti yangu Noela kampelekea Probox yake leo asubuhi, imeshatembea kilomita laki tatu. Kamwambia, "Kaka, breki zinalia, niangalizie. Nabeba watoto wa shule."

Mtu hata tairi hajafungua! Kainama kwenye boneti dakika tano, kaja na mkanda umechanika. "Dada, gari ikizeeka hivi breki siyo shida. Shida ni huu mkanda wa taimingi, nimeutoa kwenye yako. Ungekatika, injini imekwisha."

Kwenye yako! Mama Raudha, eti kautoa kwenye gari ya Noela!

Probox ile haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Noela alishaiona kwa macho yake injini ilipofunguliwa Ushirombo mwaka jana. Akamwambia, "Haya, nionyeshe ulipoutoa." Jamaa akaanza kucheka. "Wanawake na magari wapi na wapi!"

Noela kachukua spana, kafungua tairi la mbele mwenyewe, watu wote wanaangalia. Pedi za breki zimeisha kabisa, chuma kinasaga chuma. Akamuuliza, "Na hizi?"

Hana hata aibu. "Hizo zingefika mwezi."

Zingefika mwezi! Na watoto saba ndani, wako wawili humo humo!

Noela kaiacha gari juu ya jeki, kaenda kutafuta pedi. Leo wanao watarudi kwa miguu. Usimlaumu. Watafika na vumbi, lakini watafika.